Sataranji ya Redioni

Kila jioni, Padre Cassian akishamaliza kuagiza dawa na mafuta ya pikipiki, redio ya upepo ya misheni pale Ndama ilibaki mikononi mwa Mzee Protase. Alifuta meza kwa kiwiko, akapanga sataranji, kisha akabonyeza kitufe na kumwita Gaspari, aliyekuwa Kibingo kwenye redio ya zahanati. Kila mmoja alikuwa na ubao wake, na kete zilihamishwa kwa maneno.

Mchezo huo walijifunza seminarini, kabla hawajagundua kwamba upadre haukuwa wao. Protase, mtoto wa Bukoba, akaenda kuwa karani wa kahawa. Gaspari, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda wakifuata malisho, akawa katekista na mkulima wa migomba. Miaka ikapita hakuna aliyegusa ubao. Protase alipostaafu ndipo alipoukuta wake chini ya kitanda, panya wameshatafuna kichwa cha kete moja ya farasi, akamtafuta mwenzake.

Seminarini Gaspari hakuwahi kufungwa. Kichwa chake kilishika misale nzima, kitabu cha misa, kwa Kilatini, na uzee haukumpunguzia kitu. Alimchapa Protase mchezo baada ya mchezo, kwa upole, na kila akimaliza alimwuliza habari za nyumbani. Protase alijibu kwamba nyumbani salama, ova, na moyoni aliumia kama mtoto mdogo.

Jioni moja Eugenia akaingia. Alikuwa mke wa Protase, na alifariki mwaka wa vita vya Amini. Akajifuta miguu mlangoni, akasalimia, na kwa kuwa mgeni hapokelewi mikono mitupu, Protase akamsogezea kikapu cha kahawa ya kutafuna. Eugenia akatia punje mdomoni, akaketi, akautazama ubao. Alipokuwa hai hakuwahi kujifunza mchezo huo.

"Nimepitia Kibingo," alisema. "Gaspari anataka kukupa askofu bure. Usimle. Toa ngome."

Protase akamwacha askofu, akasogeza kete ya ngome, akashinda.

Kesho yake Padre Cassian akawakuta pamoja. "Eugenia, habari za siku nyingi," alisema, akachukua funguo za pikipiki, akaenda zake Nyakasimbi kumpaka mgonjwa mafuta. Adelgunda, mdogo wa marehemu aliyekuwa akimpikia Protase, alilalamika tu kwamba siku hizi kahawa inaisha upesi.

Basi ikawa desturi. Eugenia alipita Kibingo kwanza, akasimama nyuma ya Gaspari mpaka akajua anachowaza, halafu akaja Ndama kumweleza mumewe. Protase alijua fika kwamba huo ni wizi. Siku moja dhamiri ilimsuta, akacheza la kwake. Eugenia akanyanyuka bila kuaga na hakuonekana mpaka Kwaresima ilipokwisha. Siku hizo zote Protase alikula amegeukia ukuta. Mkewe aliporudi, hakumbishia tena. Alimpenda, alikuwa mpweke, na angeiba hata sadaka ya kanisa ili mwanamke yule aendelee kuketi pale.

Kuna jambo moja tu hakulifikiria. Kwenye redio zile anayebonyeza kitufe ndiye mwenye hewa. Akikiachia kidogo, masista wanaingia na habari zao za chanjo na hawatoki. Kwa hiyo Protase alizoea kukishikilia kitufe wakati wote anapowaza, asije akanyang'anywa zamu. Alikishikilia hata Eugenia alipokuwa akimnong'oneza.

Mvua za vuli zilipoanza, ikasikika sauti ya Kampire, mke wa Gaspari.

"Mzee Protase, mwenzio hachezi tena. Hata watoto wa komunyo amewaachia watu wengine. Ova."

"Anaumwa nini? Ova."

"Anasema kichwa kimemwisha. Ova."

Asubuhi yake Protase akadandia pikapu ya kahawa kwenda Kibingo. Alimkuta Gaspari ameketi barazani, koti limefungwa vifungo vyote. Mundu wake wa kupogolea migomba ulikuwa umefichwa, kwa amri yake mwenyewe. Shamba amemkabidhi mkwewe, Yustus, ambaye alikwisha kuifyeka nusu ya migomba ili apande maharage ya kuuza.

"Karibu, waitu," Kampire alisema kwa heshima ya Kihaya, akampisha kigoda.

"Kufungwa si neno," Gaspari alianza. "Mtu hufungwa. Lakini kila nilichowaza, wewe ulishakijibu kabla sijatamka. Kisha nikamsikia Eugenia wako redioni. Marehemu kusema si ajabu, hata baba yangu huja hapa kuuliza habari za ng'ombe. Lakini huyu alikuwa anakwambia, 'Toa farasi, Gaspari anakutega.' Nikakaa nikajiuliza: Protase wa seminari, tuliyekula naye sahani moja, anaweza kuniibia? Nikaona hapana. Basi kilichoharibika ni kichwa changu. Nikawaachia watu kazi zangu kabla sijamuumiza mtu."

Protase alikuwa amekuja kusema kweli. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno, na sasa yalikuwa tayari mdomoni. Akawaza meza ya Ndama jioni, na upande wa pili wa ubao, pale alipoketi Eugenia, hakuna mtu.

"Redio zile zina makelele, Gaspari," alisema. "Mtu husikia mengi."

"Kwa hiyo Eugenia hakuwepo?"

"Hakuwepo."

Gaspari akashusha pumzi, uso ukamlegea. "Ndivyo nilivyomwambia Kampire. Nilimwambia, Protase akija, yeye atanieleza ukweli."

Kisha akanyoosha mkono ili aongozwe ndani, maana siku hizi hakuamini tena kwamba ngazi iko pale anapoiona. Protase akamshika kiwiko. "Polepole," alimwambia, "kuna ngazi hapa." Gaspari akaipanda kwa sababu ameambiwa, akashukuru.

Jioni ile Eugenia alifika saa yake. Hakuuliza habari za safari, kwa kuwa alipitia Kibingo kwanza. Protase alikaa kitambo akilia bila sauti, naye akamsubiri. Halafu Protase akapangusa uso, akabonyeza kitufe, akauliza kama hewani kuna mtu anayejua sataranji.

Akajibu mzee mmoja wa Muleba, jina lake Egbert. Alisema hajacheza tangu ujana wake, mkewe naye amefariki, na angefurahi sana kupata mwenzake wa jioni.

"Muleba ni mbali," Eugenia alisema. "Kesho nitachelewa kidogo."