Bi Earline na Kisu Kisichokuwepo

Uji wa mahindi ulikuwa umeanza kushika, ule mzito wa kula na siagi, na Bi Earline Stovall hana mwiko. Sikio moja lilikuwa kwenye simu, anasikilizishwa muziki wa ofisi ya daktari tangu ilipofunguliwa, na mkono wa pili ulikuwa unapekua droo. Vijiko vyote vilikuwepo. Mwiko, hakuna.

Aliuona alipochungulia dirishani. Ulikuwa katikati ya Mtaa wa Fenner, mkononi mwa Lucius, mtoto wa marehemu mdogo wake. Lucius, mwanaume wa miaka arobaini na ushee, alikuwa amevaa kandambili na gauni la kuogea la zambarau la Bi Earline mwenyewe, na alikuwa anaongoza magari.

Na aliongoza vizuri, tusimnyime haki yake. Miaka mingi kazi yake ilikuwa kuwavusha watoto barabara mbele ya shule ya mtaa, mpaka mji ulipoifunga shule. Dawa zake zikiwepo, Lucius ni mtu wa kufua, kukunja na kuimba kwa pua. Zikiisha, kengele ya shule inamlilia kichwani na yeye anatoka kwenda kazini. Zamani, dawa zikiisha, ulikuwa unavuka tu barabara mpaka zahanati. Nayo imefungwa, na sasa hapo wanauza matairi yaliyokwisha kutumika.

Lori la mikate lilifunga breki, likapiga honi kama meli. Lucius aliliinulia mwiko, na dereva akamtukana kwa kirefu. Gari la nyuma yake likachomoka kwa pembeni na kupita karibu kabisa na lile gauni.

Bi Earline alikata muziki wa daktari wa kumwandikia Lucius dawa, akapiga namba ya dharura.

"Mtoto wangu yuko barabarani," alisema. "Kichwa chake leo hakimo. Leteni mtu amtoe kabla hajagongwa."

"Ana silaha yoyote?"

Swali hilo kila mtu wa Mtaa wa Fenner ana jibu lake, kama vile kila mtu ana jibu la "hujambo". Wamefundishwa na dunia. Ukisema ukweli, utasubiri mpaka mvi ziote mvi. Mama Dupree alisema ukweli alipomkuta mumewe ameanguka bafuni, wakaja kumkuta amepoa. Mzee Cleophus, yeye alisema majambazi wawili wana bunduki, na polisi walifika hata hajamaliza kufunga kamba za viatu. Majambazi wenyewe walikuwa panya buku kwenye pipa la taka. Basi mdomo wa Bi Earline ulijibu kabla yake.

"Ana kisu."

"Kaa ndani, mama. Wanakuja."

Simu ilipokatika, alibaki amesimama na uji unalipuka-lipuka jikoni. Ndipo alipokumbuka.

Mwaka juzi, baada ya maandamano na makelele yale juu ya polisi na bunduki zao, mji ulikata kipande cha pesa za polisi ukawapa watu wengine. Sasa kuna gari la kijani lenye watu wasio na bunduki. Wana blanketi, maji, na maneno ya pole. Namba ni ileile: ukisema mtu kachanganyikiwa, linakuja la kijani. Ukisema silaha, wanakuja wale wale wa siku zote. Bi Earline alikuwa kwenye mkutano wa kanisani walipoelezwa, na alipiga makofi mpaka bangili ikafunguka. Makofi yaliingia. Tabia ya miaka yote haikutoka.

Alipiga tena. "Simu zote zina shughuli," kilisema kidude. "Tafadhali subiri."

Hakusubiri. Alitoka na rola zake za nywele kichwani.

Gari la kijani lilikuwa limeshafika. Limeegeshwa kwenye kona, penye duka la matairi, na halisogei. Kwenye usukani alikaa Ondrea Pettway, aliyewahi kuwa muuguzi wa wazee, binti wa kanisani kwao.

"Mbona umekaa? Si yule pale!"

"Namwona, Bi Earline. Nimeitwa kwa sababu ya kichwa chake, kisha nikazuiwa. Kuna mtu kasema ana kisu, na kisu kikitajwa sisi tunakaa mbali mpaka polisi wamalize."

"Wamalize nini?"

Ondrea alitazama kioo cha nyuma kama wanakuja. Mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania usukani.

"Ule ni mwiko," alisema Bi Earline. "Mwiko wangu wa uji."

"Nani basi kasema kisu?"

Bi Earline aligusa rola moja iliyolegea. "Bibi mmoja mpumbavu."

Ondrea alimtazama, akaelewa, akachukua redio haraka. Alieleza kwamba aliyepiga simu yuko hapa, anasema hakuna kisu. Jibu lilikuja kavu: taarifa ya silaha ikishaingia, wa kuifuta ni polisi akiwa pale pale. Asubiri.

"Magari ya kijani mawili kwa mji mzima!" Mzee Cleophus alipaza sauti kutoka barazani kwake, ambako huhamia theluji ikianza tu kuyeyuka. "Na bado madiwani wanataka warudishiwe polisi pesa zao. Polisi wana farasi! Farasi ana daktari wake! Mwambieni Lucius ajifunze kula majani!"

"Cleophus, nyamaza, leo si siku ya maneno hayo," alisema Bi Earline.

"Na itakuwa lini?"

Gari la polisi liliingia mtaani bila king'ora. Milango ilifunguka yote miwili kwa pamoja. Huku alitoka sajini mnene wa shingo, Brandt kwa jina lililokuwa kifuani. Kule alitoka askari kijana. Wote wawili bastola zimeshatoka.

"Tupa kisu! Tupa chini!"

Lucius aliwaona kuwa ni gari jingine lenye haraka. Aliinua mwiko juu, ncha yake nyeusi kwa kuungua miaka mingi, akawanyooshea kiganja cha mkono wa pili.

"Simama! Watoto wanavuka!"

"Tupa, nimesema!"

Bi Earline alikuwa ameshashuka barabarani. Hakukimbia. Anayekimbia mbele ya bastola huwa anaieleza mambo ambayo hakuyakusudia. Alitembea kama anakwenda kupokea sakramenti kanisani, mikono wazi, mpaka mgongo wake ukawa upande wa polisi na uso wake kwa Lucius.

"Mama! Toka hapo!" Sauti ya askari kijana ilipasuka katikati.

"Lu," alisema Bi Earline.

"Mama mkubwa, rudi kando. Watoto hawajaisha."

"Wameisha, baba. Wa mwisho ni mimi. Nivushe."

Lucius alimwangalia mpaka chini. Magoti yale ya Bi Earline yalikuwa yanatetemeka ndani ya soksi, na hilo nadhani ndilo lililomshawishi: mtu anayeogopa barabara ni kazi yake. Alimshika mkono. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akaushusha mwiko ubavuni, na akamvusha taratibu mpaka ukingoni, kwenye duka la matairi, ambako Ondrea alikuwa ameshashuka garini bila ruhusa ya mtu, blanketi mkononi.

Askari kijana alikuwa wa kwanza kurudisha bastola. Alipumua kwa nguvu mpaka tukamsikia ng'ambo.

Sajini Brandt alikuja na pingu. "Kisu."

Bi Earline aliuchukua mwiko kwa Lucius, akamkabidhi. Uji ulikuwa umeganda juu yake.

"Ukitaka na siagi, sema."

Mtaa ulicheka. Watu walikuwa wameshajaa barazani na wengine kwenye ngazi, simu zimeinuliwa. Shingo ya sajini ikaanza kupanda rangi.

"Amezuia magari, amevuruga amani. Tunaondoka naye."

"Huyu ni wa kwangu, Sajini," alisema Ondrea. "Hakuna silaha. Kuna kitanda kwenye nyumba ya mapumziko ya wagonjwa, nimeshakiomba. Dawa atapata leo hii."

"Mpaka niseme pamekwisha, hapa ni pangu. Simu ilisema kisu. Nimekuja kwa kisu."

"Simu ilikuwa yangu," alisema Bi Earline. "Na kisu nilikitunga mimi."

Sajini alimgeukia.

"Bibi, unajua taarifa ya uongo ni kosa?"

"Ndiyo maana nakwambia wewe, simwambii mchungaji. Umetoka kote huko kuja kukamata mtu, na mimi sipendi mgeni aondoke mikono mitupu. Lakini utapata mmoja tu. Kama kisu kilikuwepo, nionyeshe. Kama hakikuwepo, mwenye kosa ni mimi, na huyu mtoto aliyevusha bibi mzee barabara, mwache aende." Alinyoosha mikono yote miwili. "Chagua."

"Sitaki kukukamata, mama. Nenda nyumbani kwako."

"Na yeye?"

"Yeye tunaondoka naye."

"Basi hujachagua."

Mikono ilibaki imenyooshwa. Mama Dupree alishuka ngazi akasimama ubavuni kwake. Wakashuka wengine, wakajipanga nyuma yao. Askari kijana alimnong'oneza mkubwa wake kitu, mkubwa akamkata kwa jicho. Lakini sajini aliutazama mwiko, akatazama zile simu zote, akatazama ile mikono ya kizee iliyokuwa haishuki.

"Ingia garini," alimwambia Bi Earline. Kwa Ondrea alisema bila kumtazama, "Pamekwisha. Mchukue."

"Ngoja kwanza," alisema Bi Earline. "Jela na rola kichwani siendi. Na jiko langu linawaka."

Aliingia ndani. Sajini akabaki chini ya ngazi, mwiko mkononi, anatazama viatu vyake.

"Sajini!" aliita Mzee Cleophus. "Bibi harusi anajipamba. Maua umeleta?"

Bi Earline alitoka na kofia ya Pasaka, ile ya manjano yenye manyoya, mkoba mkononi, midomo imepakwa. Lucius alikuwa ameketi ndani ya gari la kijani, blanketi mabegani.

"Mama mkubwa, unakwenda wapi?"

"Kazini, baba. Wewe mfuate Ondrea. Ukila, sema asante."

Alingoja mpaka gari la kijani likate kona. Ndipo alipoinama kuingia kwenye lile lingine, akiishika kofia isigonge mlango.

Kituoni walimkalisha mbele ya karani mdogo wa polisi, kijana mwenye chunusi na adabu. Sajini Brandt aliegemea ukuta nyuma yake. Nje, magari ya Mtaa wa Fenner yalikuwa yanatafuta pa kuegesha.

"Jina tayari. Kosa tayari," alisema karani. "Sababu ya kutoa taarifa ya uongo? Kuna ulevi, kuna kisasi, kuna mzaha."

"Miaka yote niliyosema kweli hakuja mtu. Shule mmefunga, zahanati mmefunga, daktari anapiga muziki. Mnakuja mkisikia kisu tu. Andika hivyo."

Karani alitafuta kwenye fomu kwa kalamu, juu mpaka chini. "Hapa hakuna sehemu ya maneno hayo, mama."

Bi Earline alivuta kiti karibu na meza, akaweka mkoba mapajani.

"Basi geuza karatasi, mwanangu. Nyuma hakujaandikwa kitu."