Geji Iliyomsingizia Baba

Baba aliweka funguo za gari mezani, kando ya kikombe cha chai, binti yake akiwa hata hajamaliza kuvua viatu.  Na binti, ambaye kazi yake ni umeme wa magari na mdomo wake hauna breki, siku hiyo alikivua kiatu cha pili polepole, kwa sababu kweli alikuwa ametumwa kuja kuzichukua.

Aliyemtuma ni kaka yake mkubwa. Wiki iliyopita gari lilizimika barabarani baba akimpeleka mama hospitali. Tangi kavu. Mama, mwenye nyonga mbovu, alishuka akasimama juani saa nzima. Baba aliapa kwamba mshale wa mafuta ulikuwa umepanda hadi juu. Kaka alipofika na dumu akawasha swichi, akaukuta umelala chini kabisa, hauna habari. Tangu hapo watu wakaanza kunong'ona. Mzee anasahau. Mzee anaona visivyokuwepo. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watoto wa nyumba hii hawakungoja lije; wakaamua baba anyang'anywe funguo.

"Kama ni geji, itengeneze," baba alimwambia walipofika uani. "Kama ni kichwa changu, niambie, mwanangu. Usinifiche."

Gari lenyewe lilimzidi binti umri. Watoto wote wanne waliletwa nyumbani ndani yake wakiwa wachanga, na baba hakuwahi kumruhusu mtu kuliita mkweche.

Binti alianzia nyuma. Akafungua tangi, akachomoa kipimo chake, akainua kwa kidole boya lake, lile linaloelea juu ya mafuta. Baba alikaa kwenye usukani akitangaza alichokiona.

"Juu!"

Akalishusha boya.

"Chini!"

Akasafisha viungo vya waya, akavipima kwa mita, akaingiza mkono nyuma ya dashibodi hadi bega likamuuma. Kila kitu kilikuwa kizima. Siku nyingine angeshukuru. Leo kila kizima alichokikuta kilimchoma. Alifikiria hata kudanganya. Angebadilisha waya wowote ule, aseme ugonjwa umepatikana, nani angejua? Lakini mama angerudi kukaa katika gari hilo.

Akarudishia kipimo, akapangusa mikono, akazunguka na kuketi kiti cha abiria. Maneno kama yale hayasemwi mtu akiwa amesimama.

"Geji ni nzima, baba."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Akanyoosha mkono azime swichi, mkono ukasita hewani.

"Nisamehe, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nauona tena. Umejaa."

Binti akainama kutazama. Mshale ulikuwa umepanda hadi juu.

"Baba! Hata mimi nauona!"

Akainuka kitini, mshale ukaanguka. Akakaa, ukapanda. Akainuka tena, akakaa tena, akicheka huku machozi yakimtoka, na jirani aliyechungulia juu ya ukuta akarudi ndani kwake haraka. Kisha binti akapiga magoti na kufunua zulia. Chini ya kiti cha abiria kulikuwa na vipande viwili vya mbao, vimekazwa kwa skrubu ndefu kupita kiasi.

"Nani kaweka hizi?"

Baba akakohoa. "Kiti kilikuwa chini mno. Mama yako akitaka kuinuka anaumia. Nikakiinua kidogo mwezi uliopita. Sikumwambia. Unamjua, umtajie uzee uone kama mtakula."

Skrubu moja ilikuwa imechubua ganda la waya utokao kwenye tangi. Mtu akikaa, mbao zinabonyea, waya unagusa skrubu. Na katika gari hili, waya huo ukigusa chuma, mshale hupanda hadi mwisho. Baba akiwa peke yake, geji ilisema kweli. Akiwa na mkewe, ilimdanganya.

Kicheko kilimtoa mama nje, kitambaa cha jikoni begani. Binti akamweleza yote, na mbao pia, maana hakukuwa na namna ya kuzificha.

"Mbao nilizijua siku ya kwanza," mama alisema. "Miaka arobaini na mitatu ubavuni pako, nisikijue kiti changu?" Alitaka kuendelea na mzaha, ukamkatikia. Akaushika mlango wa gari. "Siku ile uliniambia umejaa. Nilikuwa hapo hapo, baba watoto, na sikugeuza hata shingo kutazama. Nikaenda kuwaambia watoto kichwa chako kinakwisha."

"Mimi nilikuwa nautazama kwa macho yangu," baba akasema, "na hata mimi sikujiamini."

Mama akaingia, akaketi, akamshika mkono. Hakuna aliyeuliza waende wapi. Binti akasogea pembeni na simu, akampigia kaka yake.

"Funguo siji nazo," alimwambia. "Njoo wewe, umwombe baba radhi. Mimi nimeshachelewa kumwomba, lakini naanza sasa hivi."