Watu Mia Tatu na Kumi na Wawili

Firmin alikuwa ofisa wa komuni, serikali ya mtaa, kule Uvira, Kongo, kabla vita havijamfanya mlinzi wa duka la matairi Jeppestown, na katika miaka yote aliyokaa Johannesburg hakuna aliyeruhusiwa kulisahau hilo. Akikusalimu, alikusalimu kama anayekupokea ofisini. Akiomba chumvi kwa jirani, aliiomba kwa utaratibu. Alikaa Bellevue na mkewe Marthe na binti yao Héritière, katika nyumba kubwa ya zamani ambayo mwenye nyumba aliikatakata kwa mbao nyembamba hadi kila familia ikapata chumba na kila chumba kikapata kelele za chumba cha pili. Wakongomani walikaa upande wa jikoni, Watanzania upande wa barabarani. Choo kilikuwa katikati, kimoja, kikihudumia mataifa yote bila ubaguzi.

Mwaka 2016, faili la Firmin la kuhamishiwa Marekani, ambalo lilikuwa limelala usingizi wa pono, liliamka. Angekwenda kuungana na mdogo wake Pitchou, aliyetangulia huko na kupata kazi katika kiwanda cha kuku. Pitchou alikuwa akisema siku zote kwamba anaishi karibu na New York, na picha alizotuma zilijaa maghorofa. Basi Firmin akatangaza. Alitangaza jikoni, akatangaza kazini, akatangaza kanisani kule Turffontein, ambako ushuhuda wake ulirefuka mpaka mchungaji akaanzisha wimbo ili akae chini.

Aliyeiharibu sherehe ni Héritière. Alikuwa na miaka kumi na minne, kazaliwa hapa hapa, Kiswahili anakielewa lakini hukijibu kwa Kiingereza pale anapotaka kuudhi. Jioni moja aliandika anwani ya baba yake mdogo kwenye simu, akacheka.

"Papa, kunaitwa Wexler Run. Kuna watu mia tatu na kumi na wawili."

"Elfu mia tatu," akasahihisha Firmin.

"Mia tatu na kumi na wawili, Papa. Watu."

Firmin aliichukua simu, akaisogeza mbali na macho, kisha karibu. Idadi haikubadilika. Mji wenyewe ulikuwa kwenye milima ya Pennsylvania, karibu na New York kwa namna ambayo Durban iko karibu na Johannesburg. Ulikuwa na kijito kimoja, kilima kimoja, barabara moja inayoingia upande huu na kukimbilia upande wa pili, na hakuna robot, yaani taa za barabarani, hata moja, kwa kuwa hakukuwa na gari la kusimamishwa.

"Vichwa mia tatu na kumi na wawili," alisema Marthe, ambaye ni msusi. "Na vyote nywele zao zinateleza. Minaenda kusuka nini kule? Kuku?"

Jirani yao Burhani, Mtanga anayetengeneza simu, alipopata habari alitikisa kichwa kwa huruma. "Mzee Firmin, watu mia tatu? Hao kwetu Tanga ni wa msiba wa mtu wa kawaida."

Mtu mwingine angenyamaza. Firmin alinyamaza wikiendi moja tu, kisha akarudi jikoni na uso wa mtu aliyeteuliwa. Alikuwa amesoma. Kumbe mahali hapo hapaitwi kijiji, panaitwa boro: mji mdogo wenye mipaka yake kisheria, meya wake, na halmashauri ya madiwani saba. Saba! Kwa watu mia tatu! Hata Uvira hawakuwahi kutawaliwa kwa karibu hivyo. Meya halipwi chochote cha maana. Halmashauri hukutana mara moja kwa mwezi katika ukumbi wa wazima moto, na kumbukumbu za vikao huwekwa mtandaoni ili dunia nzima isome. Dunia nzima haikusoma. Firmin alisoma. Alijua mbwa wa nani anabweka, majani makavu yanazolewa lini, na ni diwani gani hapatani na nani kuhusu lori la kuondolea theluji.

"Kule iko utawala," aliwaambia waliokuwa wakisubiri zamu ya jiko. "Hapa tuko wengi, hatuna hata mtu wa kuuliza nani amechafua choo."

Sumaiya, mke wa Burhani, alikuwa amesimama na sufuria mkononi. "Kwa hiyo Baba Héritière unasema na sisi tuchague madiwani?"

Firmin hakuwa amesema hivyo, lakini alipenda jinsi ilivyosikika akaikubali kuwa yake. Jumapili iliyofuata nyumba ikapiga kura kwa kunyoosha mikono. Waliogombea walikuwa wengi kuliko waliobaki kuwapigia kura. Yeye mwenyewe hakugombea. Alieleza kwamba mwasisi hagombei, na isitoshe yu safarini. Sumaiya akawa meya. Marthe, ambaye hakuomba kura ya mtu, alichaguliwa diwani kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa akisafisha choo bila kuambiwa.

Jambo lililomuumiza Firmin ni kwamba mpango huo ulifanikiwa. Alitarajia magomvi, ili aitwe kuyatatua. Badala yake choo kiling'aa. Mapipa yalitoka siku yake. Kwaya ya Jumapili na futari za Ramadhani zilipangiwa saa zake bila mtu kununa. Na vikao vilikuwa vifupi, jambo ambalo Firmin aliliona kuwa dharau kwa demokrasia.

Mwanzoni mwa 2017 tarehe ya safari ikatajwa. Firmin aligawa friji, kitanda na pasi, akamimina baraka pamoja na kila kimoja. Kisha akafanya tendo lake kubwa. Upande wa Watanzania kulikuwa na mama kijana, Ummi, aliyekuwa akilala na mtoto wake mchanga kwenye kijia mbele ya mlango wa Sumaiya. Firmin aliitisha watu wote, akatoa hotuba, akamkabidhi Ummi ufunguo wa chumba chake. Yeye na familia yake wangejibana kwa Mkongomani mwenzao, Placide, kwa siku chache zilizobaki. Watu walipiga makofi. Marthe peke yake aliuliza kama ufunguo haungeweza kusubiri ndege iruke kwanza.

"Mama Héritière," alisema Firmin, "mtu mkubwa hasubiri siku ya mwisho ndipo abanduke kitini."

Ndege haikuruka. Simu ilipigwa Ijumaa kwamba Washington imesimamisha safari za wakimbizi, na kwamba atajulishwa. Mwenye sauti ile alikuwa na adabu sana. Firmin alimshukuru, akakata simu, akabaki amesimama katikati ya jikoni akiwa na viatu vipya vya theluji miguuni, kwa kuwa alikuwa akivizoesha.

Kwa Placide hakukuwa na nafasi ya kugeuka. Mwisho akapeleka ombi kwenye halmashauri: arudishiwe chumba. Ummi alikaa pembeni amempakata mtoto.

Sumaiya aliuliza nani anaafiki. Placide akanyoosha mkono, na kwa nafasi aliyokuwa ameipoteza nyumbani kwake hakuna aliyemlaumu. Sumaiya akauliza nani anataka Ummi abaki. Mikono mingine yote ikapanda, na katikati yake ukapanda wa Marthe.

"Mama Héritière!" Firmin alipaza sauti.

"Hapa mimi si Mama Héritière," alisema Marthe. "Hapa miko diwani. Chumba ulitoa mbele ya watu, ukapigiwa makofi. Utaenda kuyakusanya makofi mlango kwa mlango?"

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimchoma zaidi. Halmashauri ikampa varanda ya nyuma, iliyozibwa kwa mabati. Burhani akasaidia kuziba matundu, na friji ikarudishwa na yule aliyepewa, akidai kwamba ilikuwa inamsumbua.

Alasiri moja mvua ya mawe ilishuka ikayapiga mabati kiasi cha kutosikilizana. Firmin na Marthe walikaa kwenye godoro wakisubiri ipite. Ilipopungua, akamuuliza mkewe kama alimwonea haya siku ile.

"Nilikuonea huruma," alisema Marthe. "Lakini yule mtoto angelala wapi? Weye ungemtoa kwa mkono wako? Ningekuacha umtoe, ungeacha kula."

Firmin alifikiri. Alijua kwamba angeacha kula. Alimshika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu faili liamke hakuwa na tangazo lolote.

Faili lake halikuamka tena. Aliendelea kusoma kumbukumbu za Wexler Run, polepole, kama mtu anayefuatilia habari za mchumba aliyeolewa kwingine. Kisha mwaka 2019 Pitchou akapiga simu. Mji unavunjwa. Viti vya madiwani vilitangazwa, na hakuna aliyegombea. Meya amezeeka, wengine wanasema wana kazi. Wameomba mji jirani uwameze, mipaka na kijito na kila kitu.

Firmin aliipeleka habari kwenye kikao cha nyumba.

"Hakuna hata mmoja?" aliuliza Sumaiya. "Watu mia tatu?"

"Mia mbili tisini na kitu sasa," alisema Firmin. "Wengine wamehama."

Burhani alisema poleni wafiwa, na hakuwa akitania sana. Chai ikapita. Kisha Sumaiya akakumbusha kwamba Placide amehamia Cape Town na kiti chake cha diwani wa mapipa kiko wazi. Wakajitokeza wanne, Firmin mmoja wao. Alisimama, akakohoa, akaanza tangu enzi za komuni ya Uvira.

"Baba Héritière," alisema Sumaiya taratibu, "ni mapipa."

Alikaa chini. Akachaguliwa.

Asubuhi ya taka alivaa koti la suti juu ya sare yake ya ulinzi, akayasukuma mapipa hadi barabarani, moja baada ya jingine, akiyapanga mstari. Mzee wa nyumba ya pili alimwita kutoka kwenye uzio wake, akauliza kama angeweza kumsogezea na lake.

Firmin alimsalimu kwa heshima zote, akamweleza kwamba nyumba hiyo iko nje ya mipaka yake. Kisha akatazama huku na huku, akavuka, akalisukuma.