Siku ya Majaribio

Mpango wa shule wa kuwapeleka wanafunzi kujifunza kazi uliitwa Njia ya Taaluma, na jina hilo peke yake lilitosha kumkera mtu. Watoto wa wazungu, kina Henderson, walipelekwa hospitali na benki. Watoto wa wahamiaji, kina Ramírez, walipelekwa kiwanda cha kuku, kulekule wanakochoka mama zao.

Nayeli Ajanel aliomba hospitali. Alikuwa wa kwanza darasani kwa biolojia, na uuguzi aliutamani tangu alipoanza kumkanda mama yake mikono kwa maji ya moto kila jioni. Bi. Haskell, mshauri wa wanafunzi, alimtazama kwa huruma isiyo na kazi.

"Hospitali ni mbali, na nyumbani mna gari moja. Kiwandani utakwenda na mama. Siku ya kwanza ni ya majaribio tu. Wakikukataa, hospitali bado wana nafasi moja, nitakupigania."

Mama yake, Eulalia, aliyashika maneno hayo.

"Basi leo kata ovyo," alimwambia wakiwa kwenye gari alfajiri. "Acha nyama kwenye mfupa. Wakukatae."

"Mimi sijawahi kufeli kitu, mama."

"Si unajifanya unajua kila kitu? Na kufeli ujue."

Wakacheka kidogo.

Msimamizi, Don Fermín, zamani naye alisimama akikata nyama kwenye mkanda unaopitisha kuku, ila siku hizi alijifanya hakumbuki. Alimweka Nayeli mbele na Eulalia amfuate, ili alichoharibu binti akitengeneze mama. Nayeli akakata ovyo kama alivyoagizwa. Vifua vya kuku vikamfikia Eulalia vimechanika, na mkanda haumsubiri mtu. Nyama ikaanza kurundikana mbele yake.

"Eulalia, vidole vimeganda?" Don Fermín alisema kwa sauti, mstari mzima usikie. "Au nikuletee kiti ufume vitambaa?"

"Samahani, Don Fermín."

Wenzake wakacheka kwa woga. Eulalia akamtupia binti yake jicho: endelea. Nayeli akaharibu tena, machozi yakimlenga.

"Mzigo mtupu huyu mama," Don Fermín aliendelea. "Rundo hili likibaki hivi, leo namfukuza kazi."

Nayeli akaviona vidole vya mama yake vikiufukuzia mnofu na kukataa kukunjika. Hasira ikampanda, na kisu kikafanya kile alichofundishwa na mama huyohuyo kila Krismasi wakiandaa tamales, unga wa mahindi uliojazwa nyama ya kuku. Mfupa ukatoka mweupe. Ukafuata mwingine, na mwingine. Rundo likapungua, Don Fermín akanyamaza, na Nayeli hakukosea tena mpaka zamu ikaisha.

"Huyu kazaliwa na kisu mkononi," Don Fermín alisema, akimpigapiga begani. "Nampigia Bi. Haskell sasa hivi. Asihangaike kumtafutia pengine."

Walipanda gari. Eulalia hakuliwasha.

"Nilikuambia uharibu."

"Alikuwa anakutukana, mama."

"Ananitukana kila siku, Nayeli. Na leo ningevumilia."

Nayeli hakuwa akilijua hilo. Miaka yote aliikanda ile mikono akidhani maumivu ni ya kisu na baridi tu.

Jioni alichemsha maji kama kawaida, akaweka beseni mbele ya mama yake. Eulalia hakutumbukiza mikono yake. Aliishika ya binti yake, akaizamisha majini, akaanza kuikanda kidole kimoja kimoja.