Mchanga Juu ya Mabati

Kiti alichopewa Umesh katika ofisi ya ardhi kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Kila alipovuta pumzi kiliyumba. Mezani mbele yake ililazwa picha ya rangi ya ufukwe wa Mlingotini: mikoko, maji yaliyokupwa, mchanga mtupu. Pembeni, kwa mkono wake mwenyewe, tarehe ya miaka kumi na mitano iliyopita.

"Kazi yako hii, fundi?" aliuliza afisa.

"Yangu."

"Nyumba ziko wapi?"

Umesh alikuja kutoka Gujarati akiwa kijana, kuuza vitambaa dukani kwa mjomba wake huko Dunda. Mjomba alipomfukuza kwa kuchorachora karatasi za kufungia bidhaa, Bi Hajra wa Mlingotini alimpa chumba, na humo ndimo alimozeekea. Leo wanakijiji walikuwa wamemchagua yeye awe shahidi wao kwamba nyumba zao ni za zamani. "Nenda, mwanangu," Bi Hajra alimwambia alfajiri. "Umeyatazama mapaa yetu kuliko sisi wenyewe." Katapila la kubomoa lilikuwa limeshushwa kijijini tangu Jumamosi, limefunikwa turubai.

"Zimo, bwana. Nilizichora zote kumi na tisa, kisha nikazifunika kwa rangi ya mchanga. Watalii hawanunui mabati yenye kutu."

Afisa alimgeukia karani. "Umesikia? Tapeli huyu, na bado anaitwa msanii!" Karani alicheka kwa adabu. "Sasa nisikilize. Kibali chako cha ukaazi kinakwisha Ijumaa, na wa uhamiaji ni rafiki zangu. Saini hapa kwamba ulichora ulichokiona. Waliojenga baada ya picha ni wavamizi, na mvamizi halipwi fidia."

Umesh hakuishika kalamu. Aliinama, akakwangua mchanga kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, kama mtu anayebandua kigaga cha kidonda. Rangi ilimeguka. Chini yake kikajitokeza kipande cha wekundu wa kutu, kidogo kama punje ya mtama: pembe ya paa la Bi Hajra.

"Hili hapa," alisema. "Tazama."

Afisa alitazama kwa muda mrefu. Kisha akapuliza vumbi la rangi, akavuta droo, akatoa kichupa cheupe cha kufutia makosa ya karatasi, akakisogeza taratibu mpaka kikagusa vidole vya Umesh.

"Rudishia, fundi."

Nje ya dirisha Bi Hajra alikuwa akiwanyamazisha wenzake, kwamba wasipige kelele. Mwanawe yumo ndani, anawasemea.