Hata kwa Chai Yote ya Uchina

Kudra alikaa mkekani, mgongo ukutani, akiwasikia watu wakijiandaa kumwoza. Eda ya mumewe, Massoudi, ilikuwa imekwisha juzi. Jana shemeji yake Atumani alileta posa: amrithi mjane wa ndugu yake, pamoja na nyumba. Kudra hakujibu. Tangu lori la Massoudi lipinduke njiani kutoka Kampala, maneno hayakumtoka, wala machozi. Ukoo ulikichukulia kimya chake kuwa ridhaa. Sasa pilau ilikuwa jikoni, na harufu yake ilikwisha kuenea mtaa mzima wa Buyenzi.

Shehe Abdu alipokea chai, akamgeukia.

"Bibi Kudra, unamutaka Atumani?"

Kudra alipokea kikombe chake, akakiweka mkekani.

"Ameisha kubali," alisema Atumani. "Na jana alinyamaza hivi hivi."

"Kunyamaza ni ya mwari, bwana. Mujane anasema na kinywa yake. Bila ile, mi sifungi ndoa."

"Wifi, sema basi!" Sijaona, dada yake Atumani, alipiga kelele toka uani. "Nyama inaungua!"

Watu wakacheka. Kudra alitazama mvuke wa kikombe chake. Massoudi alizoea kurudi safari na maneno ya Waingereza, aliyoyaokota kwa matajiri wa malori.

"Wale watu wanajua kukataa," alimwambia akivua viatu. "Ukimupa mumoja kitu hataki, anasema hata kwa chai yote ya Uchina. Mwingine anasema labda nikufe kwanza. Na we, wakikupa bwana mwingine?"

Naye alimjibu huku akicheka, kila safari, jibu lilelile.

"Hata kwa chai yote ya Uchina," alisema Kudra.

Sauti ilikuwa yake, lakini aliisikia kama ya jirani nyuma ya ukuta.

"Chai gani?" Atumani alishangaa. "Mumuongezee sukari."

Shehe aliinua mkono. "Bibi, ile ni ndiyo ao ni apana?"

"Apana. Leo apana, kesho apana. Shemeji atabaki shemeji."

Shehe aliweka kikombe chini, akatafuta viatu vyake.

"Na pilau?" aliuliza Atumani.

"Tutakula," Sijaona alijibu. "Mchele haujakataa mutu."

Walikula uani. Kudra alibaki mkekani, akingoja furaha imjie, au kilio. Hakikuja kitu. Chai yake ilikuwa imepoa. Akainywa.