Tumbo la Mtachoka

…na akilirudia tena neno hilo la sijui, nazi hii haitaishia kwenye ncha ya kifuo, itaishia usoni kwake, haki ya Mungu, daktari wa mifugo mzima, huyu Japheth, mabuti ya mpira mpaka magotini, kijana aliyesoma mpaka vitabu vikamwomba apumzike, amesimama uani kwangu asubuhi hii, kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuposa, ananiambia mimi Menza, mzee, huenda ni dawa, huenda ni uzee, mimi sijui, ila ukiniruhusu nimpasue tumbo nitajua… pasua wa kwenu, nilitaka kumwambia, lakini Damaris yuko jikoni masikio wazi, mke wangu huyu husikia hata tusi ambalo halijatoka kooni, basi nikaikita nazi kifuoni, nikaipinda, kumbi likaachia kraa, afadhali kumbi kuliko mtu, na pale ubavuni mwa jiko mbwa wangu Mtachoka amelala chini ya gunia, kafa alfajiri, mkia umetokeza, kila nikiurudisha ndani upepo unafunua tena, hata maiti yake ina ubishi, nzi nao wameshapata habari… "Tumbo likiwa na vidonda, mzee, basi ni vidonge vyangu," anasema, "figo zikiwa zimesinyaa, basi ni umri," anasema taratibu, kama mtu anayechagua embe, umri, umri ndio nini, mbwa huyu namjua mimi, mbwa aliyemtoa nyani dume shambani kwangu hapa nyuma ya Gede akamkimbiza mpaka Jilore, ng'ambo ya msitu, na nikisema Jilore watu hucheka, wacheke, nyani mwenyewe alipofika kule aliomba maji, mbwa aliyembwekea ndovu wa msituni mpaka ndovu akageuka akaenda zake kainamisha masikio kama mtoto aliyeitwa na mwalimu, leo niambiwe umri, mimi nimeishia darasa la sita lakini umri naujua, umri haumtapishi mbwa povu la kahawia, umri haumtoi mavi meusi kama lami ya barabara… ni mvua za mwaka jana zilizomwingia maungoni, akawa anaamka kwa mafungu, kwanza mbele, anapumzika, anafikiri, halafu nyuma, analamba viwiko mpaka manyoya yakaisha, nikamwita Japheth, akamkunja miguu, akamkunjua, Mtachoka akalia sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, akasema baridi yabisi, mzee, hata mbwa hupata, akatoa vidonge, umpe baada ya kula, na mimi mjinga wa Mungu nikaona heri, kumbe nyumbani mafuta ya ubarika yapo, yale yale aliyokandwa bibi yangu mgongo mpaka akacheza ngoma ya mjukuu, yalimuua nani mafuta ya ubarika, na hebu niulize tu kwa akili zangu za darasa la sita, dawa ya goti inaijuaje njia ya kwenda gotini, si lazima ipite tumboni kwanza, na kule tumboni ikipita inawasalimia wenyeji au inawachoma, maandishi yake kwenye kile kiboksi madogo kama mayai ya chawa, nani ayasome, mwanangu Pola angeyasoma lakini Pola yuko Kibarani na kazi yake, Pola aliyekua na mbwa huyu, kaingia shule mwaka ule ule Mtachoka alipofumbua macho… "Baba Pola," huyo Damaris, "mjibu mtoto wa watu, kasimama juani." Asimame. Jua halijamuua mtu kwa vidonge. "Mzee, uliponipigia simu ukanieleza hayo mavi nilikwambia uache dawa papo hapo," anasema Japheth, "na leo umenipigia ukanitukana wazazi wote wawili, nimekuja." Ni kweli amekuja. Ndilo linalonikera zaidi, mtu mwenye hatia alitakiwa akimbie, azime simu, aseme yuko Mombasa, nimfuate na panga, watu wanishike, nipige kelele niachieni niachieni, nao wasiniachie, tumalize, huyu amekuja mwenyewe na kofia mkononi… naikita nyingine, hii ngumu, ya mnazi ule wa mpakani, mnazi wenye balaa, maana ndio uliompa Mtachoka jina, kwetu jina la mbwa si mapambo, unalichagua limfikie jirani bila wewe kumkabili, Mwambire wa ng'ambo ya ua huu wa makuti aliposema mnazi ule ni wake, sikugombana, mimi muungwana, nikaleta kijibwa nikakiita Mtachoka, kila jioni nasimama pale pale namwita chakula, Mtachokaaa, Mwambire anasikia, uji unamkwama, na yeye akatafuta kijibwa chake akakiita Bado, basi miaka hiyo yote jua likielekea msituni mimi Mtachokaaa, yeye Badooo, mimi Mtachoka, yeye Bado, wageni wakadhani ni dini yetu, na mbwa wenyewe, wasaliti wale, mchana wanalala pamoja chini ya mnazi huo huo migongo imeshikana… "Si kwa ajili ya kujisafisha, mzee," anasema Japheth, na sauti imeshuka, "ni kwa ajili ya yule wa jirani. Bado naye yuko kwenye vidonge hivyo hivyo." Nini? Nimeinua kichwa, nimekiinamisha, nisimpe raha ya kuona uso wangu, Bado, vidonge hivyo hivyo, na nani alimwambia Mwambire, nani kama si mdomo wangu mimi, mangweni tunakonywea mnazi, wiki ile Mtachoka alipoinuka, maana aliinuka, siku ya kwanza kidonge, siku ya pili kidonge, siku ya tatu natoka nje namkuta amesimama kwa miguu yote minne kwa mpigo, akaenda zake pole pole mpaka ua wa Mwambire, akainua mguu, ule mguu mbovu hasa, akakojoa kwenye nguzo, nikalia, ni vumbi lililoniingia jichoni, lakini nikalia, na mangweni nikasema mbwa wangu amerudi kijana, nikasema ameruka ua, nikasema ameruka ua na mimi mgongoni, Mwambire kakaa pembeni na kata yake anajifanya hasikii, kumbe kesho yake alfajiri kaenda kwa Japheth, mtu asiyenipa hata salamu kaniamini, katika watu wote walionisikiliza maishani mwangu, aliyeniamini ni yule… "Nikiviacha tu kwa hofu," anasema Japheth, "Bado hainuki tena, atalala kwenye mkojo wake mpaka afe. Nikiendelea navyo, huenda nikamfanyia kama huyu. Vya aina nyingine huku sina, mzee. Siwezi kujua mpaka nimwone huyu ndani." Aa, sasa nimekusoma. Kwa hiyo Mtachoka wangu apasuliwe ili mbwa wa Mwambire apone, mnazi wanataka, nazi wanataka, sasa na matumbo ya mbwa wangu wanataka, mpaka wapi, ua huu niuondoe kabisa wahamie, mwambie Mwambire ampasue wake amwangalie, mwambie, mwambie… na kidonge nilikifichia kwenye tonge la sima, nikalichovya mchuzi wa papa, Mtachoka akalinusa, alijua, pua ile ilijua nyani kabla nyani hajaamua kuja, alijua kuna kitu ndani, akanitazama, akameza kwa sababu mkono ulikuwa wangu… kraa, kumbi hili limetoka na nyama ya kidole changu kidogo, haidhuru… na kule ng'ambo ya makuti kuna sauti, kumbe ilikuwapo muda wote huu, nilidhani ni redio, ni Mwambire, Mwambire mwenyewe, sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, "Kula, Bado, kula kidogo tu mwanangu, hii hapa na samaki, kula," na jana jioni sikumwita mtu chakula, nitamwita nani naye hanyanyui kichwa, nilikaa hapa hapa jua likashuka, nikangoja lile Badooo lije linichome moyo, halikuja, nikasema amesahau, Mwambire hasahau, alikuwa anangoja nianze mimi… shetani yule, kujifanya ana adabu, na akija hapa kuniambia pole nitamvunja mguu… lakini huyu asimpasue kama anayechinja mbuzi wa harusi, hapana, miguu nitaishika mimi, asiikunje ile ya nyuma, inauma, ilikuwa inauma, apasue kidogo, aangalie, ashone, ashone kwa uzi wa maana, Mtachoka hazikwi akiwa wazi, na atazikwa chini ya mnazi ule wa mpakani, upande wa Mwambire, ndio, upande wake hasa, tuone atakavyonikatalia na mbwa wake anatembea kwa tumbo la wangu, na mangweni nitasema, acha nisimulie, mbwa gani mwingine pwani hii amefanya kazi ya udaktari akiwa maiti… ila tumbo likiwa na vidonda, huyu kijana aliyesimama juani nitamfanya nini, sijui, na likiwa safi, hasira yote hii niliyoamka nayo nitaipeleka kwa nani, sijui, sijui… "Mzee?" anasema Japheth. Upepo umefunua gunia tena, mkia uko nje, na mimi mkono wangu umeshashika nazi nyingine.